Siku 9 Dominica na wifi yangu: usiende kule kutafuta mchanga mweupe

Kwanza kabisa tuelewane maana nimechoka kueleza, Dominica siyo ile Jamhuri ya Dominika ya besiboli na Kispanyola, hiki ni kisiwa kingine kabisa, kipo katikati ya Guadeloupe na Martinique, watu elfu 70 hivi, kilometa za mraba kama 750, yaani Pemba yenyewe ni kubwa kuliko hiki. Wifi yangu (dada wa mume jamani, siyo ya intaneti, ingawa na ya intaneti nitaisema) alishawatangazia watu wote kazini kwake Toronto kwamba anaenda kucheza bachata, mpaka video za kujifunzia alikuwa nazo, kuja kushtuka tiketi imeshakatwa na hairudishiki. Na jina lenyewe mkazo wanauweka kwenye "ni", kwenye ndege Wamarekani wote walikuwa wanalikosea, Mswahili akilisoma tu kapatia, hatuna haja ya kufundishwa.

Mi ni mtoto wa Tanga, nimekulia Chumbageni, bahari sikuanza kuiona kwenye kalenda. Kwa hiyo niseme mapema: kama unakwenda Karibiani kutafuta mchanga mweupe na maji ya bluu ya kupigia picha, Dominica itakukera. Hiki ni kisiwa cha volkano, mchanga mwingi ni mweusi au kijivu, sehemu nyingine hakuna mchanga kabisa ni mawe tu yanakusubiri uteleze. Mchanga mweupe tunao nyumbani, Paje na Nungwi na Diani, sasa uvuke bahari nzima kwenda kuuangalia wa wenzako? Kule unaenda kwa ajili ya milima, maji yanayochemka, mito, na watu wake. Kwa hivyo vitu mi nakipa kisiwa nyota tano bila kigugumizi, na kuna vitu viwili vitatu navipa nyota mbili, vyote nitasema.

Tulikwenda mwisho wa Januari, kiangazi chao kinaanza anza, mvua ipo lakini haina makusudi mabaya. Msimu wa vimbunga ni Juni mpaka Novemba na wenyewe hawautanii, Septemba 2017 kimbunga Maria kiliwapiga kikiwa daraja la tano, la juu kabisa, na hadi leo mtu akikuhesabia miaka anakwambia kabla ya Maria na baada ya Maria, kama sisi tulivyokuwa tukisema kabla ya Uhuru. Kutoka Miami kuna ndege ya moja kwa moja, saa tatu na nusu hivi. Uwanja uko kaskazini mashariki, mji mkuu Roseau uko kusini magharibi, katikati ni milima na kona, zaidi ya saa nzima njiani na wifi alikuwa ameshika mfuko wa plastiki muda wote. Wanaendesha kushoto kama kwetu, hilo lilinifariji.

Sasa kilichotukwaza. Kuna kampuni moja ya mtandaoni, siyo ya kisiwani, sitaitaja, nilinunua kwao kifurushi cha siku tatu, mwongozaji ndani, usafiri ndani, chakula ndani, picha nzuri balaa. Siku ya kwanza tumeambiwa saa moja kamili asubuhi mbele ya geti, tumekaa mpaka saa tatu kasoro, viatu vimefungwa, mikate tumeshaila njaa ikatuisha ikarudi. Napiga simu inapokelewa na mashine. Meseji ya kwanza wakasema mwongozaji yuko njiani, ya pili wakasema hawaioni buking yetu, ya tatu hawakujibu. Hela yangu nimeirudisha baadaye kwa kupigana na benki, wiki sita. Mwenye nyumba tuliyofikia akatuonea huruma akampigia kijana wa kijijini Laudat, mwongozaji mwenye kitambulisho chake cha serikali, kesho yake akaja mapema kuliko tulivyopatana. Kuanzia hapo kila kitu tulikipata hivyo hivyo, kwa kumuuliza mtu anayemjua mtu, na hela ikaenda moja kwa moja kwa aliyetoka jasho. Ushauri wangu ni huo, fika kwanza ndo ulipie.

Ziwa linalochemka. Hilo ndo limewapa umaarufu, Boiling Lake, lipo ndani ya hifadhi ya Morne Trois Pitons ambayo UNESCO waliiweka kwenye urithi wa dunia mwaka 1997. Kwenda na kurudi ni kama kilometa 13 ukisikia hivyo unasema ah kitu gani, mi kazini natembea hizo kwenye zamu moja ya usiku. Uongo mtupu. Ni kupanda na kushuka, ngazi za magogo, tope, mizizi, unashuka mtoni unapanda kilima cha Morne Nicholls mpaka pumzi inaongea yenyewe, halafu ukishafika juu ukaona moshi kwa mbali ukadhani umefika, unaanza kushuka tena kwa kutambaa na mikono. Saa sita kwa watu wepesi, sisi tulitumia saa nane na dakika zake.

Kabla ya ziwa kuna bonde wanaliita Bonde la Ukiwa, na hapo ndo nilisahau magoti. Msitu wote unaisha ghafla kama mtu kaukata kwa mkasi, unabaki na mawe ya njano na kahawia na kijivu, mvuke unatoka ardhini, vijito vidogo vingine vyeupe kama maziwa vingine vyeusi, vingine vya moto kweli kweli. Harufu ya mayai viza. Sisi wa Tanga tunaijua ile harufu, maji ya moto ya Amboni yana salfa vile vile, lakini ya Amboni ni kama chai kwenye kikombe, hii ni jiko la shughuli. Kijana wetu akatoa mayai mabichi manne kwenye begi, akayafunga kwenye kitambaa akayatumbukiza kwenye shimo la maji yanayotokota, tukakaa kidogo tukala na chumvi. Yai la kuchemsha, sina la kuongeza, lakini lile yai nalikumbuka kuliko chakula cha harusi yangu. Halafu akachota tope la kijivu akatupaka usoni eti ngozi inang'aa, wifi alitaka kujaza chupa aondoke nalo, akakatazwa, hifadhini hutoi kitu.

Ziwa lenyewe ni sufuria. Kama meta 60 kuvuka, kuta za mwamba zimelizunguka, maji ya kijivu chenye ubuluu, na katikati yanachemka haswa, yanapanda kama uji uliosahauliwa jikoni. Pembeni tu wamewahi kupima nyuzi themanini na kitu mpaka tisini na kitu, katikati hakuna aliyekwenda kupima na kijiko chake. Chini ni tundu la volkano linalotoa mvuke na gesi, maji ya mvua na vijito yanaingia juu yake, ndo hivyo. Upepo ukiwa mbaya unakaa nusu saa unaangalia mvuke mweupe tu, sisi tulipata kama dakika kumi za kuliona vizuri, ukungu ukafunga, tukarudi. Kuna watu walifika nyuma yetu hawakuona kitu, wakapiga picha za mawingu.

Nyota? Nne na nusu, nusu nimeitoa kwa sababu ya magoti yangu. Na niseme kitu, wanajenga magari ya kwenye nyaya ya kupandisha watu mpaka kule juu, na uwanja mkubwa wa ndege wa kimataifa wanajenga upande wa Wesley. Mi sina tatizo na watu kupata kazi, nimetoka kwenye nchi inayoishi kwa watalii naelewa, lakini lile bonde likija kujaa watu mia tatu wenye ndala halitakuwa lile. Na mayai yatakuwa na bei.

Mwisho wa ile safari mnamalizia Titou Gorge, korongo jembamba sana la mwamba lenye maji, unaogelea ndani kwa ndani mpaka kwenye poromoko. Maji ya baridi vibaya mno, na pembeni mdomoni pake kuna mfereji wa maji moto unamwagikia, kwa hiyo unatoka unatetemeka unakwenda kusimama pale. Kwa akina mama wenzangu mnaojistiri, mimi niliogelea na nguo yangu ndefu ya kuogelea na kilemba chake na laifu jaketi juu, hakuna aliyenitolea macho, kijana aliniuliza tu kama nazijua bahari nikamwambia mito ndo siijui.

Siku ya meli. Hii mtu hakukwambia? Meli kubwa za watalii zinatia nanga Roseau, na siku zikija maelfu wanashuka na wote wanapelekwa sehemu zile zile za karibu, Trafalgar kwenye maporomoko mawili wanayaita Baba na Mama, na Emerald Pool. Sisi tulijichanganya tukaenda Emerald Pool siku ya meli. Njia ya dakika kumi na tano msituni, nzuri, kibwawa cha kijani na poromoko lake, na ndani ya kibwawa watu kama arobaini wamesimama wima wanangojea zamu ya picha kama foleni ya maji ya kisima. Nyota mbili, tena siyo kosa la bwawa. Uliza tu unapofikia meli zinakuja siku gani, wote wanajua, hata muuza ndizi.

Champagne Reef ipo kusini ya Roseau, ufukwe wa mawe, unavaa miwani na mrija unaingia, na chini ya maji viputo vya gesi ya volkano vinapanda kutoka kwenye mwamba, elfu na elfu, unaogelea katikati yake kama umeanguka kwenye glasi ya soda. Maji yana joto joto sehemu sehemu. Samaki wapo, urchini wa miiba mirefu wapo pia, vaa viatu. Matumbawe ya kwetu ni mazuri zaidi nisidanganye, ila viputo sijawahi kuviona popote. Nyota nne.

Nyangumi nilisita kwa sababu ya bei, nikalipa, sijuti. Upande wa magharibi bahari inakuwa na kina kirefu karibu sana na nchi kavu, kwa hiyo wale nyangumi wakubwa wenye kichwa cha mraba, wanaozamia kutafuta ngisi, wanaishi pale na familia zao, siyo wapita njia. Mwaka 2023 serikali ilitangaza eneo la karibu kilometa za mraba 800 kuwa hifadhi yao. Nahodha anazima injini, anateremsha kipaza sauti majini kwa waya mrefu, anatupa spika ndogo tusikilize. Tak tak tak tak. Wifi ambaye alikuwa amelala chali anatapika tangu tutoke akafungua jicho moja akasema hiyo ni cherehani ya mama. Na kweli, ilikuwa Singer ya marehemu mama mkwe kabisa, mashine ya mguu ikikimbia. Nahodha anasikiliza zinatokea upande gani, anasogea, anasikiliza tena, kama saa nzima tunafukuza cherehani, halafu ikanyamaza na nahodha akasema sasa anapanda. Akapanda. Pumzi yake inatoka pembeni siyo juu, mgongo kama gogo lililokaa majini miaka, akapumua pumua pale dakika kama nane, akainua mkia wote juu akaenda zake chini. Hakuna aliyepiga kelele, nashangaa, boti nzima ya watu kumi na mbili.

Sasa upande wa utamaduni ndo nilikuwa na shaka nao maana naujua ule utamaduni wa hotelini, vijana wanacheza ngoma wakiangalia saa. Tulianzia kaskazini, Portsmouth, kwenye mto unaitwa Indian River. Hakuna injini inayoruhusiwa, mnapigiwa makasia, na kimya kile, miti ya bwa mang imesimama pande zote mizizi yake imejikunja na kusimama kama kuta ndani ya maji, kaa wanakimbilia mashimoni, ni kama mikoko lakini siyo mikoko. Mbele huko kuna kibanda wanauza ramu yenye majani na mizizi ndani, mi nikapewa maji ya machungwa na wifi akapewa mawaidha na mimi.

Pale pale Portsmouth kuna ngome, Fort Shirley, kwenye rasi ya Cabrits. Nilidhani ni ngome kama ngome, mizinga, picha, twende. Kumbe mwaka 1802 askari Waafrika waliokuwa watumwa wa jeshi la Waingereza, kikosi cha nane cha West India, waliasi humo wakaishika. Waliuawa wengi. Lakini kelele zake zikachangia mpaka mwaka 1807 askari watumwa wote wa jeshi la Uingereza wakaachwa huru. Tulikuwa sisi wawili na wanafunzi wa shule tu pale uwanjani, mbuzi wanakula majani chini ya mzinga, nikakaa kwenye ukuta nikakaa. Nyota tano.

Na kama una miguu imebaki tafuta mtu akupeleke ngazi za Jacko. Jacko aliletwa kutoka Afrika akiwa mtumwa, akatoroka msituni akaishi huko zaidi ya miaka arobaini na wenzake, wakawa na kambi yao juu ya genge, mpaka akauawa 1814. Zile ngazi walizichonga wenyewe kwenye mwamba, ndefu na nyembamba makusudi, kila moja unainua goti mpaka kifuani, ili askari wakija wapande mmoja mmoja na juu kuna mtu anawasubiri. Nikiwa katikati nimeshika jiwe kwa mikono miwili nikaelewa ile hesabu vizuri sana, hapo hata ungekuwa na bunduki ungeiweka wapi. Roseau mjini kuna sanamu ya mtoro kama huyo, anapuliza baragumu la kombe.

Na hapa nakuja kwenye siku niliyoipenda kuliko zote, hata ziwa lisahau. Kalinago ndo wenyeji wa asili, Wazungu waliwaita Karibu, siyo karibu ya kwetu, ni Carib, na bahari nzima ikaitwa kwa jina hilo. Kisiwa wenyewe walikiita Wai'tukubuli, maana yake mrefu mwili wake. Visiwa vingi walimalizwa, hapa wapo, kama watu elfu tatu, wana eneo lao upande wa mashariki panapopigwa na Atlantiki, ekari 3,700, lilipimwa mwaka 1903. Ardhi ni ya wote, hakuna anayeuza, unapewa sehemu na baraza unajenga. Fikiria shamba la ukoo ambalo hakuna mjomba anaweza kuamka asubuhi akaliuza kimya kimya. Chifu wanampigia kura. Na rais wa nchi tangu 2023 ni Sylvanie Burton, mwanamke wa kwanza na Mkalinago wa kwanza kwenye kile kiti.

Kuna kijiji cha maonyesho kinaitwa Kalinago Barana Autê, nyumba za makuti, maelezo, poromoko linaloshukia baharini. Ziara yenyewe nzuri lakini imekaririwa, msichana aliyetuzungusha alikuwa mpole sana anasema sentensi zake kwa mpangilio, ukimkatiza anarudi mwanzo. Nyota tatu na nusu. Waliponionyesha mtumbwi nikachangamka, wanachonga gogo la mti wa gommier, halafu ndani wanajaza maji na mawe na moto unawashwa ili mbao ilainike ifunguke itanuke, hapo nikaanza kubishana kuhusu ngalawa mpaka wifi akanivuta nguo.

Kumbe utamu ulikuwa nje ya geti, barabarani. Bibi mmoja amekaa barazani kwake anasuka vikapu, tukaomba kukaa, akaniita doudou, ni kama mpenzi au mwanangu kwa Kikreoli chao. Wanasukia mmea unaitwa larouma, kama tete. Anaupasua kwa kisu kwa urefu, anaukwangua moyo wa ndani unabaki ukanda mwembamba unaong'aa. Rangi tatu. Ya kahawia ni ya jua tu, nyeupe ni upande wa ndani, na nyeusi, nikauliza rangi gani hii ya kununua, akacheka akanipeleka nyuma ya nyumba, akaingiza mkono kwenye tope akavuta fungu la larouma, linazikwa humo siku kadhaa linatoka jeusi. Bibi yangu mzaa mama alikuwa anachemsha ukindu na rangi kwenye sufuria bovu uani, vidole vyake vilikuwa vya zambarau mwaka mzima. Nikamwambia yule bibi. Akanipa kipande akasema haya suka.

Basi nikajikuta. Ukili wa miaka thelathini iliyopita, vidole vikaenda vyenyewe mistari mitatu hivi, nikawa naringa kabisa, wifi anachukua video. Bibi akaniangalia akachukua ile kazi akafumua mistari miwili, taratibu, bila kusema kitu, akanirudishia. Larouma ni ngumu, haikubali kukunjwa kama ukindu, inataka upite chini mbili juu mbili na kuanzia kitakoni siyo pembeni. Nikafanya tena, akafumua mmoja. Mara ya tatu hakufumua. Tumekaa pale saa mbili nzima, hakutuomba hela ya muda, tulinunua vikapu viwili na kile cha kufunika chenye kuta mbili, katikati wanaweka majani mapana ili mvua isiingie, zamani ndo sanduku la nguo. Bei aliyosema ndo niliyotoa, kuna watu walisimama na gari wakaanza kumshusha bei, nikatamani niwasemeshe kwa Kiswahili.

Jirani yake wanaoka mkate wa muhogo. Muhogo mchungu ule wenye sumu, wanaukuna, wanaukamua maji yote, wanachekecha, unamwagwa kwenye bamba kubwa la chuma juu ya moto na nazi iliyokunwa, unatoka bapa, pembeni mkavu katikati bado laini. Ukifumba macho upo Sahare, kwetu Tanga. Nikauliza majani yake mnapikaje. Wakaangaliana. Wanatupa! Kisamvu chote kile kinatupwa, na nazi zimejaa uwanjani, nikamweleza dada mwenye bamba namna ya kutwanga na kuchemsha mpaka uchungu utoke, akasikiliza kwa adabu tu, sidhani kama atajaribu.

Chakula kwa ujumla hutapata shida, mashelisheli, magimbi, ndizi mbichi za kuchemsha, wote hivyo wanaviita kwa jina moja tu, vyakula vya ardhini. Kalalu ni supu ya majani ya magimbi, tamu. Kuna vibajia vya samaki wadogo kama dagaa wanaitwa titiri, kula bila kuhesabu. Asubuhi chai ya kakao nzito yenye mdalasini. Nguruwe yupo sana kwa hiyo uliza, hawakasiriki. Zamani walikuwa wanakula chura mkubwa wanamwita kuku wa mlimani, sasa ameadimika sana kwa ugonjwa na analindwa, wifi alishukuru Mungu kwa sauti.

Jioni moja kijijini tulikuta jing ping, akodiani, ngoma ya mkononi, kikwangulio cha bati, na bomba la mwanzi linalopulizwa kama besi, wazee wanacheza kwa mistari wanabadilishana wake zao kwa heshima. Akodiani ilipoanza nikasema hii ni taarabu imepanda mlima. Hatukulipa kitu, hakukuwa na meza ya kulipia.

Ya kukera mengine upesi upesi. Intaneti ya tulipofikia ilikuwa inakuja ikijisikia. Kasuku wao wa zambarau, sisserou, yupo kwenye bendera na hapatikani kwingine duniani, tulimsikia hatukumwona. Ile njia ndefu ya Waitukubuli ina vipande 14, tulitembea kimoja kutoka Scotts Head ambapo unasimama Atlantiki mkono mmoja na Karibi mkono mwingine, vizuri sana, ila alama za njia zimefifia sehemu nyingine tukapotea kwenye shamba la mtu, mwenyewe akatupa mapera. Hela yao ni dola ya Karibi Mashariki, 2.70 kwa dola moja ya Marekani, haibadiliki, dola wanapokea lakini chenji unarudishiwa ya kwao, kwa hiyo beba noti ndogo. Na siyo rahisi, vitu vya dukani vingi vimekuja na meli. Kiingilio cha hifadhini nililipa dola 5 kila sehemu, kulikuwa na tiketi ya wiki nzima kwa 12, ulizia hiyo.

Kikapu cha kuta mbili kilipita Miami bila swali, afisa alikifungua akanusa akakifunga. Mkate wa muhogo tulibeba sita. Wifi anasema alikula miwili tu kwenye ndege, mimi nilikula mmoja, na vipande vilivyofika nyumbani kwa mume wangu vilikuwa viwili, hesabu bado tunaigombania.